Jinsi Matabibu Walivyojifunza Kumtazama Mtoto Mgonjwa

Wewe usomaye kurasa hizi bila shaka umepata kuketi juu ya benchi la zahanati siku ya Jumatatu asubuhi, nawe umewaona akina mama walivyopanga safu tangu mlangoni hata kwenye mwembe ulioko uani, kila mmoja na mtoto wake mgongoni au mapajani. Mtoto huyu analia, yule amelala. Huyu anakohoa, yule anahara. Na wengine wanafanya yote hayo kwa pamoja, na homa juu yake. Ndani yumo muuguzi mmoja au tabibu mmoja. Hana mashine ya kupiga picha ya kifua, hana maabara ya kutajika, na ana dakika chache tu kwa kila mtoto kabla jua halijawa la utosi. Naye hana budi kuamua, miongoni mwa watoto wote hao, ni yupi wa kupelekwa hospitali kubwa saa ile ile, ni yupi wa kupewa dawa na kurudi nyumbani, na ni yupi asiyehitaji dawa hata chembe ila maziwa ya mama yake na subira.

Mtu mzima huweza kusema, "Naumwa hapa." Mtoto wa miezi minane hawezi. Hulia, au hunyamaza; na mara nyingi yule anyamazaye ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko yule aliaye. Yafaa basi tuulize: maarifa ya kuamua jambo hilo yalitoka wapi? Mimi nilipokuwa mwanafunzi kama wewe nilidhani kwamba elimu yote ya uganga wa kisasa ilizaliwa katika majumba makubwa ya Ulaya na Marekani, kisha ikateremka polepole hata ikatufikia sisi. Historia nitakayokusimulia haikwenda hivyo. Sehemu yake kubwa ilitendeka katika kambi ya wakimbizi, katika nyanda za juu za kisiwa cha mbali, na katika vibanda vya wakulima. Na sehemu moja ilitendeka hapa kwetu, Siaya.

Na tuanze na kuhara, maana hapo ndipo hadithi ilipo nene.

Mtoto aharaye hafi kwa sababu ya kule kuhara kwenyewe. Hufa kwa kukaukiwa: maji na chumvi za mwili humtoka upesi kuliko zinavyorudishwa, damu ikapungua mishipani, moyo ukakosa cha kusukuma. Jambo hili leo laonekana wazi, lakini kwa muda mrefu watu waliliona kinyume. Nyanya yangu, mwanamke mwenye busara katika mambo mengi, aliamini kwamba maji anywayo mtoto anayehara ndiyo hayo hayo yanayotoka upande wa pili; kwa hiyo alikificha kikombe. Tusiharakishe kumcheka. Madaktari wenye shahada walikuwa na imani iliyofanana na yake, kwa kuwa vitabu vyao viliwaagiza kuupumzisha utumbo wa mgonjwa kwa kumnyima chakula, na mara nyingine kumnyima hata maziwa, kwa siku moja au mbili. Nyanya na profesa walikosea kosa moja, ila profesa aliliandika kwa Kilatini.

Mtu wa kwanza kutenda jambo la maana juu ya kukaukiwa huku alikuwa tabibu Mskoti aitwaye Thomas Latta. Mwaka wa 1832 kipindupindu kilipokuwa kikiua watu katika mji wa Leith, karibu na Edinburgh, Latta alichukua maji yenye chumvi akayatia katika mshipa wa damu wa mwanamke mmoja mzee aliyekwisha kukatiwa tamaa. Uso uliokuwa umebonyea ukajaa, macho yakafunguka, mapigo ya mkono yakarudi. Latta, kwa kuona kwamba mgonjwa amepona, alimwacha mikononi mwa tabibu mwingine akaenda zake kupumzika. Kuhara kukarudi, hakuna aliyemwongezea maji, na yule mwanamke akafa baada ya saa chache. Latta mwenyewe alikufa mwaka uliofuata, na kazi yake ikalala kwa miaka mingi kabla watu wengine hawajaiamsha.

Hata njia hii ya mshipani ilipokubaliwa kila mahali, katika karne ya 20, ilibaki na kasoro ambayo wewe unayeishi mbali na hospitali utaitambua mara moja. Yataka chupa za maji yaliyosafishwa kabisa, mirija, sindano, na mtu aliyefundishwa kuupata mshipa wa mtoto mchanga, mshipa mwembamba kama uzi. Mwenye vitu hivyo huponya. Asiye navyo hutazama tu.

Kwa nini basi wasimnyweshe mgonjwa kwa kinywa? Walijaribu. Lakini maji matupu hayakukaa mwilini, na maji ya chumvi peke yake yalizidisha kuhara. Mwaka wa 1953 daktari wa Calcutta aliyeitwa Hemendra Nath Chatterjee alitangaza katika gazeti la madaktari la Uingereza, Lancet, kwamba amewatibu wagonjwa 186 wa kipindupindu kwa kuwanywesha maji yenye chumvi na glukosi, yaani ile sukari nyepesi ipatikanayo katika damu. Hakuna aliyemsikiliza. Walisema kwamba hakupima kwa makini kiasi cha maji yaliyoingia na yaliyotoka, na ni kweli hakupima vya kutosha. Lakini mimi husita ninapoisoma habari hii, nikajiuliza kama daktari wa London aliyeandika maneno yale yale angalipuuzwa kwa wepesi ule ule.

Maelezo ya kitaalamu yalikuja baadaye. Mwaka wa 1960 Robert Crane, mtaalamu wa Kimarekani, alionyesha katika mkutano uliofanyika Prague jinsi ukuta wa utumbo unavyozipokea sukari na chumvi. Ufikirie ukuta huo kuwa kama boma lenye milango mingi midogo. Upo mlango mmoja ambao chumvi haipiti peke yake, wala glukosi haipiti peke yake. Zikija zimeshikana mikono, mlango hufunguka, nazo zikiisha kuingia, maji huzifuata. Sumu ya kipindupindu huvuruga kazi za utumbo hata maji yakamwagika nje kwa wingi, lakini mlango huu mmoja hauugusi. Huo ndio ufunguo wa habari yote. Crane hakuwa akishughulika na kipindupindu hata kidogo. Alitaka tu kujua utumbo unavyofanya kazi.

Hata hapo njia haikunyooka. Robert Phillips, daktari wa jeshi la wanamaji la Marekani, alijaribu dawa ya kunywa huko Manila mwaka wa 1962. Wagonjwa kadhaa walikufa, kwa kuwa kiasi cha maji na chumvi hakikulinganishwa na kile kilichowatoka. Phillips alishtuka, na kwa miaka mingi hakutaka jambo hilo lijaribiwe tena kwa haraka. Simlaumu. Mtu aliyeona wagonjwa wakifa mikononi mwake kwa dawa yake mwenyewe ana haki ya kuogopa. Lakini wakati yeye alipokuwa akiogopa, watoto wa Bengali waliendelea kufa.

Waliolivunja fundo hilo walikuwa vijana wawili wa Kimarekani, David Nalin na Richard Cash, ambao umri wao haukufika miaka 30. Walifanya kazi katika maabara ya uchunguzi wa kipindupindu mjini Dhaka, katika nchi iliyoitwa wakati ule Pakistani ya Mashariki. Chombo chao kikuu kilikuwa kitanda cha turubai chenye tundu katikati, na chini ya tundu ndoo yenye alama za vipimo. Chochote kilichomtoka mgonjwa kilianguka ndooni kikapimwa. Kisha mgonjwa akanyweshwa kiasi kile kile, hakikuzidi wala hakikupungua. Hiyo ndiyo hekima yote waliyoiongeza: kulinganisha kiingiacho na kitokacho. Mwaka wa 1968 walitangaza matokeo ya wagonjwa 29, wote watu wazima, na ilionekana kwamba haja ya kutia maji mshipani ilipungua kwa asilimia 80.

Sasa ukumbuke kwamba jambo likithibitishwa katika maabara yenye wauguzi wengi na ndoo zenye vipimo, bado halijathibitishwa duniani. Dunia ilikuja miaka mitatu baadaye, nayo ilikuja kwa vita.

Mwaka wa 1971 Pakistani ya Mashariki ilipopigania kujitenga ili iwe Bangladesh, watu wapatao milioni 10 walikimbia wakaingia India. Mvua za masika ya huko zilikuwa zikinyesha. Watu walilala chini ya maturubai, wengine ndani ya mabomba makubwa ya saruji yaliyokuwa yameletwa kwa kazi za ujenzi, na maji ya kunywa na maji machafu yakawa kitu kimoja. Kipindupindu kikawaingia. Katika baadhi ya kambi, kati ya kila wagonjwa 10 waliougua, 3 walikufa.

Mwezi wa Juni daktari wa watoto kutoka Calcutta, Dilip Mahalanabis, aliwasili na wenzake katika hospitali ndogo ya Bangaon, mji ulio karibu na mpaka. Alikuta vyumba viwili vyenye vitanda 16, na sakafu imejaa watu, kila mmoja karibu na mwenzake hata hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Baadaye alisimulia kwamba ili kuutia mshipa sindano ilimbidi kupiga magoti katika matapishi na choo cha wagonjwa. Akafanya hivyo. Lakini baada ya siku chache akaona kwamba hesabu haimkubali: chupa za maji ya mshipani zinakwisha, na watu waliofundishwa kuzitumia ni wawili tu. Vita vile alikuwa akivishindwa.

Hapo alifanya uamuzi ambao hakuna kamati iliyompa ruhusa kuufanya. Chumvi, glukosi na magadi ya kuokea mikate vilinunuliwa. Vikapimwa katika chumba kimoja mjini Calcutta, glukosi gramu 22, chumvi gramu 3.5 na magadi gramu 2.5 kwa kila lita moja. Vikatiwa katika mifuko ya plastiki iliyofungwa midomo kwa pasi ya moto, vikapelekwa Bangaon. Huko unga huo uliyeyushwa katika mapipa yenye bomba. Na ni nani aliyewanywesha wagonjwa? Si madaktari, maana hawakutosha, wala si wauguzi. Ni mama, shangazi, kaka, jirani, yeyote aliyekuwa na kikombe na mkono wa kukishika. Waliambiwa wachote, wanyweshe, na wasichoke. Mahalanabis aliita kinywaji hicho kwa jina lile lile ambalo watu walilitumia kwa maji ya mshipani, akiongeza tu neno la kuonyesha kwamba hupita kinywani. Alijua kwamba watu wanaheshimu sindano kuliko kikombe, naye alitaka kikombe kipate heshima ya sindano.

Ikawa katika majuma mawili au matatu wakaanza kuona tofauti. Walipohesabu mwishoni, watu zaidi ya 3,000 walikuwa wamepita mikononi mwao, na waliokufa walikuwa asilimia 3.6.

Ungedhani kwamba habari hiyo ilikimbia duniani kama moto wa nyika. La. Wataalamu waliyatilia shaka matokeo hayo, na makala yake haikuchapishwa hata mwaka wa 1973. Bahati njema Dhiman Barua, mmoja wa wakuu wa Shirika la Afya Duniani, alikuwa amefika kambini akaona kwa macho yake, naye akalishika jambo hilo akalitetea. Mwaka wa 1978 Shirika lilianzisha mpango maalumu wa kupigana na maradhi ya kuhara. Na gazeti la Lancet, lile lile lililomchapisha Chatterjee miaka 25 kabla, likaandika kwamba huenda uvumbuzi huu ukawa ndio mkubwa kuliko wote wa uganga katika karne ile.

Lakini mwanamke wa kijijini hasomi Lancet. Katika Bangladesh, iliyokwisha kuwa huru, chama kiitwacho BRAC kikaamua kwamba kila nyumba ifundishwe kuitengeneza dawa hiyo kwa vitu vilivyomo jikoni: chumvi ya kufinya kwa vidole vitatu, sukari guru ya kujaza konzi, na maji kwa kipimo kinachojulikana. Kati ya mwaka wa 1980 na 1990 wafanyakazi wake, wengi wao wanawake, walikwenda nyumba kwa nyumba wakazifikia nyumba zipatazo milioni 12. Mimi kama mwalimu nimevutwa hasa na jinsi walivyolipwa. Mfanyakazi hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizopiga hodi. Baada ya majuma kadhaa alikuja mtu mwingine, akachagua baadhi ya wale akina mama, akawauliza wanakumbuka nini na kuwataka waitengeneze dawa mbele yake. Na malipo ya mwalimu yakategemea alichokumbuka mwanafunzi. Sijui sisi walimu wa vyuo tungeishi vipi kwa utaratibu huo!

Hata hivyo mwanzoni akina mama walikumbuka vizuri lakini hawakuitumia. Walipopeleleza sababu, wakaona kwamba baadhi ya wafundishaji wenyewe walipougua hawakuinywa dawa ile waliyoisifu kwa watu, kwa kuwa hawakuiamini. Wakapelekwa Dhaka kuona wagonjwa walioletwa wakiwa hawajitambui, wakanyweshwa, wakaondoka kwa miguu yao. Tena ikaonekana kwamba wanaume walinuna kwa kuachwa nje ya shauri, wakawazuia wake zao. Basi mikutano ikafanywa misikitini na masokoni ili nao waelezwe.

Nimekaa sana katika kuhara, nawe utanisamehe. Sasa twende kwenye kifua, ambako habari ni fupi lakini si dogo.

Mwaka wa 1816 Mfaransa René Laennec alikunja karatasi ikawa kama bomba, akaiweka juu ya kifua cha mgonjwa, akasikia sauti za ndani wazi kuliko kwa sikio tupu. Huko ndiko kulikotoka kile kipimo cha masikioni ambacho hata leo, tukichora picha ya daktari, hatuwezi kukiacha. Kwa miaka zaidi ya 150 iliaminiwa kwamba nimonia hutambulika kwa kusikiliza. Lakini kusikiliza kifua cha mtoto aliaye ni kazi ngumu, na hata madaktari wawili wenye ujuzi waweza kukisikiliza kifua kimoja wakatoka na majibu mawili. Itakuwaje basi kwa mhudumu wa kijijini?

Jibu lilitoka Goroka, katika nyanda za juu za Papua New Guinea, ambako nimonia iliua watoto wengi sana. Daktari wa Australia Frank Shann na wenzake waliwachunguza watoto wenye kikohozi wakitafuta alama ambayo mtu asiye daktari aweza kuiona, na mwaka wa 1984 wakaieleza. Usisikilize, tazama. Mfunue mtoto kifua, umngoje atulie, kisha hesabu pumzi zake. Mapafu yaliyoshikwa na nimonia huwa magumu, na mtoto hulazimika kupumua upesi ili apate hewa ya kumtosha. Ugonjwa ukizidi, sehemu ya chini ya kifua huingia ndani badala ya kutoka nje kila avutapo pumzi; huyo, kwa mwongozo wa miaka ile, alikuwa wa hospitali, wala si wa kungoja kesho. Shirika la Afya Duniani baadaye liliweka mipaka: mtoto asiyefika miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika moja ni za upesi, kutoka miezi miwili hata kabla ya mwaka mmoja, 50, kutoka mwaka mmoja hata kabla ya miaka mitano, 40.

Jaribu mwenyewe jioni ya leo. Mtafute mdogo wako akiwa amelala, uchukue saa yenye mshale wa sekunde, uhesabu kwa dakika nzima. Nimewapa wanafunzi wangu chuoni zoezi hili mara nyingi, na karibu wote hurudi wakisema kwamba walidhani ni rahisi. Mtoto hujigeuza, huvuta pumzi mbili kwa mfululizo, husita. Na aliyehesabu kwa nusu dakika kisha akazidisha kwa mbili hupata jawabu jingine kabisa. Tena utaona kwamba mtoto mzima wa afya hupumua upesi kuliko wewe. Hilo peke yake litakufundisha kwa nini haikufaa kumpima mtoto kwa kipimo cha mtu mzima.

Basi kufika miaka ya 1980 kulikuwa na mpango wa kuhara na mpango wa nimonia. Kulikuwa na mpango wa malaria, wa surua, na wa lishe. Kila mpango ulikuwa na wakubwa wake, vitabu vyake na semina zake. Shida ni kwamba mtoto hakugawanyika hivyo. Yule wa benchini tuliyemwona asubuhi ana homa, anakohoa, anahara, na mikono yake ni myembamba kama vijiti vya muhogo, vyote kwa wakati mmoja. Muuguzi aliyetoka kwenye semina ya kuhara alitibu kuhara, akamrudisha nyumbani na nimonia yake. Daktari Mwingereza David Morley alikwisha kuliona jambo hili katika miaka ya 1950 alipofanya kazi katika kijiji cha Imesi-Ile, Nigeria; huko alianzisha kliniki ya watoto wasiofika miaka mitano, ambako mtoto alipimwa uzito, akachanjwa na kutibiwa siku moja, mahali pamoja, na mama akakaa nyumbani na kadi yenye mstari uonyeshao ukuaji wa mtoto. Kadi ya kliniki uliyotumiwa wewe ulipokuwa mchanga ni mjukuu wa kadi hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watoto zaidi ya milioni 12 wasiotimiza miaka mitano walikuwa wakifa duniani kila mwaka, na sehemu kubwa yao waliuawa na mambo matano: nimonia, kuhara, malaria, surua na utapiamlo. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto yakakubaliana kutunga utaratibu mmoja wa kumtazama mtoto mzima, si ugonjwa mmoja mmoja. Na utaratibu wenyewe waweza kuusoma wewe ukauelewa. Kwanza huulizwa mambo manne ya hatari: Je, mtoto anaweza kunywa au kunyonya? Je, anatapika kila kitu? Je, amepatwa na degedege? Je, amelegea au hajitambui? Jawabu moja baya latosha. Huyo hapangi foleni. Kisha, bila kujali mama ameletwa na shida gani, huulizwa kikohozi, kuhara, homa na masikio, kila kimoja kwa zamu, huhesabiwa pumzi, hufinywa ngozi ya tumbo ikaachiliwa, na ikikawia zaidi ya sekunde mbili kurudi mahali pake, mtoto amekauka sana, hutazamwa viganja kama vimepauka kwa upungufu wa damu, na nyayo kama zimevimba. Kila jawabu laongoza kwenye rangi: ya waridi ni hospitali mara moja, ya manjano ni dawa ya zahanati, ya kijani ni kutunzwa nyumbani.

Utaratibu kama huo haukufaa kuaminiwa kwa kuwa umeandikwa vizuri. Ulijaribiwa katika nchi kadhaa za Afrika, na mojawapo ya majaribio hayo lilifanywa Siaya, pande za Ziwa Victoria, ambako malaria ni nyingi. Maamuzi ya wahudumu waliofuata chati yalilinganishwa na maamuzi ya madaktari waliokuwa na vipimo vyote, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 1997. Pale ndipo ilipoonekana ugumu wa jambo hili katika nchi yenye malaria: mtoto mwenye malaria kali naye hupumua upesi, kama mwenye nimonia. Chati ikisema apewe dawa za magonjwa yote mawili, wako watakaopewa dawa moja bure. Ikisema achaguliwe ugonjwa mmoja, wako watakaokufa. Waliotunga chati walichagua kupoteza dawa kuliko kupoteza watoto, na kwa wakati ule, kabla vipimo vya haraka vya malaria havijaenea, nadhani walichagua vema. Tangu mwaka wa 2010 Shirika la Afya Duniani lataka kila homa ipimwe malaria kwanza kabla ya dawa kutolewa.

Ndugu zetu wa Tanzania walikwenda mbele zaidi. Wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji zilitumia utaratibu huo. Wilaya jirani za Kilombero na Ulanga hazikuwa zimeanza. Vilipolinganishwa vifo vya watoto, ilionekana kwamba katika wilaya mbili za kwanza vilikuwa pungufu kwa asilimia 13. Si muujiza, lakini hesabu idadi ya watoto wa wilaya mbili, uone asilimia hiyo ni madarasa mangapi. Mahali pengine mambo hayakuwa mema hivyo. Mafunzo kamili yalichukua siku 11, na serikali nyingi ziliona kwamba siku 11 ni ghali, wakayakata. Wauguzi waliofundishwa wakahamishwa. Na chati, iwe nzuri namna gani, haimsaidii mtoto ambaye mama yake anakaa mwendo wa saa nne kutoka zahanati, wala haiumbi dawa katika kabati tupu.

Dilip Mahalanabis alifariki Kolkata mwezi wa Oktoba mwaka wa 2022, akiwa na umri wa miaka 87. Unga wake umebadilika kidogo: tangu mwaka wa 2002 chumvi na glukosi zimepunguzwa, kwa kuwa ilionekana kwamba maji mepesi zaidi hufyonzwa vizuri zaidi, na tangu mwaka wa 2004 mtoto anayehara hupewa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14.

Ukipita katika kituo cha afya, tazama pembeni mwa chumba. Pengi utaona meza ndogo yenye jagi, vikombe na vijiko, na mama ameketi hapo na mtoto mapajani, akimnywesha kijiko baada ya kijiko. Mtoto akitapika, hungoja dakika kumi, akaanza tena polepole. Ukipata nafasi, mwombe muuguzi kwa adabu akuonyeshe kitabu chake cha chati. Mimi niliwahi kuonyeshwa kimoja. Jalada lake lilikuwa limeshikizwa kwa plasta ya vidonda, na ukurasa wa kuhara ulikuwa umefunguliwa mara nyingi hata wino wa pembe ya chini, mahali pa kidole gumba, ulikuwa umefutika kabisa.